Upande wa Pili wa Santuri

Ngamiani ya miaka ile haikuwa na kifua. Neno lililosemwa asubuhi mferejini, adhuhuri lilikuwa limekwisha zunguka barabara zote na kurudi kwa mwenyewe limetiwa chumvi. Kwa hiyo ilipotangazwa kwamba Idarusi anakuja kuimba Idi Pili, katika chumba cha klabu cha Barabara ya Kumi na Mbili, hakuna aliyehitaji kuuliza Chiku binti Safari atakuwa wapi siku hiyo. Watu walijua hata buibui atakalovaa.

Chiku alikuwa mshona kofia, zile kofia nyeupe za mkono zinazotobolewa vitundu vidogo vidogo na kuzungushiwa uzi mpaka macho yaume. Alikuwa amekwisha pita thelathini na hajaolewa, na Ngamiani mwanamke wa namna hiyo huulizwa habari zake kabla ya kuulizwa hali. Yeye hakujali. Alikaa dirishani na kazi yake mapajani, akawajibu waulizaji kwa kucheka.

Idarusi alikuwa kijana wa barabara ya pili yake, mpiga udi na mtunzi, na alimtaka Chiku kwa njia zote za halali. Alituma wazee, wakarudishwa. Mzee Safari, Mungu amrehemu, alisema hamwozi binti yake kwa mtu ambaye kazi yake ni kukaa kitini na kulia mbele za watu. Idarusi akaamua kwenda Mombasa kutafuta jina. Alfajiri ya kuondoka alipita mlangoni kwao Chiku, penye mti wa mkilua, akajizungushia uzi kichwani, akaukata kwa meno, akampitishia dirishani. "Hicho ndicho kipimo," alimwambia. "Nikirudi nataka kofia yangu ya harusi." Chiku aliuweka uzi ule ndani ya msahafu wake.

Miaka ikapita, na jina likapatikana. Mwaka wa hamsini na nne basi la Mombasa lilivuka Horohoro likiwa na santuri mpya ya Idarusi, na ya kwanza ikanunuliwa na Mselem, mwenye hoteli ya chai iliyotazamana na nyumba ya akina Chiku. Mselem alikuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, na hakuwa mchoyo wa sauti. Alasiri ile aliisogeza mlangoni, akaweka sindano, na barabara nzima ikanyamaza.

*Penye mkilua wako, mlangoni nilipita,*
*Roho nimeacha kwako, nyingine sijaipata,*
*Usivunje moyo wako, kwa maneno ya kuteta,*
*Ningoje ukinipenda, ningoje hapo, nakuja.*

Mkilua wa kuota mlangoni, Ngamiani nzima, ulikuwa mmoja. Watu waliokuwa wakinywa chai waligeuka wakatazama dirisha la Chiku, na Chiku alikuwa amesimama pale analia na kucheka kwa pamoja, hana haya tena. Wanawake walimpigia vigelegele. Tangu siku hiyo hakuwa mwanamwali aliyechelewa. Alikuwa mwanamke anayesubiri kurudiwa, na aliyemwahidi ameahidi mbele ya ulimwengu.

Mselem alimpigia wimbo ule kila alipoomba, na mara nyingi bila kuombwa. Upande wa pili hakuupiga. Chiku aliuliza mara moja, na Mselem akamwambia upande wa pili ni ala tupu, udi na fidla, hauna maneno. Shoga yake Mboni, ambaye mumewe naye alikuwa na santuri hiyo, alimwambia vivyo hivyo. Chiku hakuwa mtu wa ala tupu. Aliyataka maneno, na maneno alikuwa nayo.

Wanaume walikuja kuposa, wakarudi na posa zao. Wa mwisho alikuwa Uweso, fundi baiskeli, mjane wa watu asiye na makuu, ambaye karakana yake ilikuwa ukuta kwa ukuta na hoteli ya Mselem. Uweso alikuwa mtu wa kunyamaza. Mvua ikinyesha alikuwa akivuka barabara, bila kuitwa, kuja kupanga debe chini ya mchirizi wa nyumba ya akina Chiku. Alipoposa, Chiku alimwita barazani amjibu mwenyewe, kwa heshima. "Wewe ni mtu mwema, Uweso," alimwambia, "na lau ningekuwa huru ningekukubali bila kufikiri. Lakini mimi nina mtu nimemngoja, na yeye ameniambia nimngoje. Wewe mwenyewe umesikia." Uweso alimtazama kwa muda, akafumbua kinywa kama anayetaka kusema jambo, akakifumba. Kisha akaitika, "Haya, nimesikia," akarudi kwenye baiskeli zake. Mwaka uliofuata akaoa mwanamke wa Tongoni.

Sasa Idarusi alikuwa anakuja.

Chiku alikuwa na kofia tayari. Alikuwa ameishona kwa kipimo cha uzi, akaifumua, akaishona tena, kwa kuwa kila mwaka mkono wake ulizidi kuwa mzuri na kazi ya mwaka uliotangulia ilimtia aibu. Siku ya Idi Pili aliifunga ndani ya leso, akazitia asumini nywele zake, akatoka na shangazi yake Mastura, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Shangazi tangu asubuhi alikuwa akilalamikia kichwa. Alikuwa amesema mvua itawanyeshea, amesema chumba kitakuwa kidogo, amesema waimbaji siku hizi wanaringa. "Tusiende, mwanangu," alisema kwa mara nyingine walipofika kizingitini. "Tukae, nikukaangie visheti." Chiku akacheka, akamshika mkono wakatoka.

Chumba kilikuwa kidogo kweli. Wanaume walikaa mbele juu ya viti vya kuazima, magoti yao yakikaribia kugusa ala. Wanawake walikuwa ukumbi wa nyuma juu ya mikeka, na pazia la katikati limefungwa juu ili waone. Ilikuwa baada ya Alasiri, mvua ya masika imepusa, na harufu ya udi wa kufukiza imechanganyika na matope ya viatu vilivyorundikwa nje. Idarusi aliingia kwa mlango wa uani. Alikuwa amenenepa kidogo, ana mvi chache kwenye sharubu, na kichwa chake kilikuwa wazi. Chiku alikitazama kile kichwa kitupu, akaona ni alama. Mtu wa pwani kuja kuimba siku ya Idi bila kofia, kama hakuja kuvalishwa amekuja kufanya nini?

Aliimba nyimbo za kuchangamsha kwanza. Hakuwa akipaza sauti. Chumba kilikuwa cha kiasi cha mtu kusikia ukucha wake ukigusa waya wa udi, na akishusha pumzi kabla ya ubeti, Chiku naye alishusha. Kwenye santuri sauti yake ilikuwa imepungua mwili, ina mikwaruzo ya sindano. Hapa ilikuwa na joto na makohozi, ni sauti ya mtu aliyekunywa kahawa sasa hivi. Chiku alihisi raha ambayo karibu imuume. Alisema moyoni, hata angekuja kuimba wimbo mmoja tu na kuondoka, ningemsamehe.

Kisha fidla ikaanza ule utangulizi, na watu wakasema "Aah" kwa pamoja.

Katika mambo ya tarabu kuna sheria ambayo haikuandikwa popote na kila mtu anaifuata. Ukiinuka kwenda kumtunza mwimbaji, kwa pesa au zawadi, penye ubeti, ubeti ule umeuchukua. Umewaambia watu wote kwamba hayo yanayoimbwa ni yako, na huwezi tena kusema ulikuwa unapita. Ndiyo maana watu wenye akili hungoja wausikie wimbo mpaka waujue unakwenda wapi. Chiku alikuwa akiujua wimbo huu kuliko jina lake. Idarusi alipofika kwenye *ningoje hapo, nakuja*, akafungua leso.

Mboni akamdaka mkono. "Shoga, keti," alimnong'oneza. "Keti kwanza, nakuomba."

"Niache, Mboni."

"Ngoja uishe. Mtunze ukiisha."

Chiku alidhani shoga yake anamwonea haya. Akajichomoa, akasimama, akapita katikati ya mikeka na buibui lake likiburura juu ya magoti ya watu. Nyuma yake alimsikia shangazi yake akisema "Ya Rabi" kwa sauti ndogo. Wanaume walimpisha. Wengi wao walikuwa wa Ngamiani, na siku nyingine yoyote wangepiga makofi kuona kitu hicho. Walitazama sakafu. Chiku alifika mbele ya kiti cha Idarusi, akafunua uso, akamvisha ile kofia.

Ilimkaa sawasawa. Mwili umenenepa, kichwa kimebaki kilekile.

Idarusi aliinua macho akamtambua. Kwanza uso wake ulishtuka, na kisha ukafunguka kwa furaha kubwa kabisa, furaha ya mtu aliyetuliwa mzigo, hata machozi yakamlengalenga. Aliweka mkono kifuani, akamwinamia. Chiku akarudi mahali pake. Alikuwa amepata jibu. Hakuona mtu yeyote, hakusikia chochote, akakaa mkekani na mikono yake mitupu mapajani, na muda mfupi ule, wakati fidla inazunguka, alikuwa na furaha kuliko mwanamke yeyote wa Tanga.

Fidla ilizunguka, udi ukaipokea, na Idarusi, kofia kichwani, akimtazama yeye kwa tabasamu, akaendelea kuimba.

*Nimekwenda nimefika, nimetua ugenini,*
*Nyumba nimeshaiweka, mwenyewe yumo nyumbani,*
*Radhi yako naitaka, nisamehe duniani,*
*Usingoje, nakuomba, funga mlango, ulale.*

Chiku alifikiri ni wimbo mwingine, kwamba ameunganisha mbili. Lakini wageni wa kiume waliotoka Muheza na Pangani, waliokuwa wamekaa upande wa dirishani, waliupokea ule mstari wa mwisho wakauimba pamoja naye, kwa nguvu, kama watu wanavyoimba kitu walichokizoea. Pembeni ya Chiku alikuwepo bibi mmoja wa Pongwe asiyemjua mtu hapo, naye alikuwa amefumba macho anaimba, *funga mlango, ulale*, bila kukosea hata neno.

Wanawake wa Ngamiani hawakuimba. Wanawake hawa walikuwa wakiitikia kila wimbo, wale ambao hata matangani hunyamazishwa. Walikuwa wamefunga midomo, wanaangalia mkeka. Mboni alikuwa analia. Na hapo Chiku alikumbuka mtoto wa Mboni, siku moja mferejini, akimbembeleza mdogo wake kwa maneno hayo hayo, na mama yake akatoka mbio akampiga kofi. Chiku alimgombeza Mboni siku ile. Alimwambia, mtoto anambembeleza mwenzake, kosa lake liko wapi?

Akaelewa kwamba santuri ilikuwa na pande mbili, na pande zote mbili zilikuwa na maneno.

Angeweza kutoka. Lakini alikuwa amekwisha kuuchukua ubeti, na mtunzaji akitoka wimbo haujaisha amemtukana mwimbaji na amejitangaza yeye mwenyewe. Akakaa. Alisikiliza beti zote za upande wa pili, zilikuwa tatu, na baada ya kila mmoja aliambiwa afunge mlango alale, na kofia yake ilikuwa pale mbele, nyeupe, inatikisika kwa mapigo ya dumbaki.

Wakati wa kahawa Idarusi alikuja mpaka kwenye pazia. Watu walijitenga kidogo, si mbali.

"Hujambo, Chiku."

"Sijambo. Idi njema."

"Idi njema. Mimi nilikuwa naogopa kuja Tanga," alisema. Alikuwa anasema upesi, kama mtu aliyeyarudia maneno njia nzima. "Kila mwaka wananiita, nami natafuta sababu. Nilikosa uso wa kuja kukwambia kwamba nimeoa, nikaona nikwambie kwa njia ninayoiweza. Nikasema atasikia. Kisha nikawaza, akisikia atanilaani. Na leo umesimama mbele ya watu, penye wimbo ule ule, umenitunza." Aligusa kofia. "Umeishona kwa ule uzi?"

"Kwa ule uzi."

"Basi umenipa radhi?"

Chiku alimtazama. Alikuwa na maneno mengi, na mengine yalikuwa ya kuuma. Angeweza kumwambia kwamba amesikia leo, sasa hivi, pamoja na mabaharia na wauza mnazi wote wa Pangani. Angeona ule uso wenye furaha ukianguka, na huenda moyo wake ungepata ahueni kidogo. Lakini watu walikuwa wanasikiliza, na yeye alikuwa binti wa watu. Wenzake walimsitiri miaka yote ile. Na yeye sasa alijisitiri kwa muda uliobaki.

"Nimekupa," alisema. "Msalimie mkeo."

Njiani kurudi, shangazi Mastura alitembea nyuma yake, akiruka madimbwi, akisema bila kuulizwa. Kwamba Mselem aliupiga upande wa pili siku ile ile ilipokuja santuri, baada ya kufunga milango, akiwa na wanaume wachache. Kwamba asubuhi yake alikuja uani, mtu mzima, akilia, akamwuliza afanye nini. "Nami nikamwambia usiupige," alisema shangazi. "Nikasema, mwache mtoto afurahi siku mbili tatu, nitamwambia mwenyewe taratibu. Siku mbili zikawa mwezi. Ukawa unashona unaimba, mwanangu. Ningekwambiaje wewe ukiwa unaimba? Halafu ikawa kila nikikaa nikiwaza kusema, naona nitaulizwa na ya huko nyuma, kwa nini nilinyamaza."

"Na watu wote?"

"Nilipita nyumba kwa nyumba."

Chiku akaendelea kutembea. Ngamiani isiyo na kifua, iliyomsema baba yake, iliyomsema mama yake akiwa kaburini, ilikuwa imekipata kifua kwa ajili yake, na angeshukuru sana kama wangekuwa wambeya kama siku zote.

Uweso alikuwa amekaa nje ya karakana yake katika kanzu ya Idi, mwanawe mchanga amelala begani. Hakuwa amekwenda klabu. Alipomwona Chiku anavuka barabara kumwendea alisimama, akamhamisha mtoto bega la pili.

"Uweso, na wewe ulikuwepo kwa Mselem siku ile iliyokuja santuri?"

"Nilikuwepo."

"Basi uliposimama barazani kwetu ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Mbona hukuniambia?" Sauti yake, iliyokuwa imevumilia tangu klabu, ilikatika hapo. "Wewe ndiye uliyekuwa na haki. Ungesema neno moja tu."

"Ningesema, ungenikubali," Uweso alijibu. "Ungenikubali kwa kuvunjika. Nami nilitaka unikubali kwa kunitaka." Alimpigapiga mtoto mgongoni, ingawa mtoto hakuwa ameamka. "Sasa naona nilijipenda mimi. Nisamehe, Chiku."

Ilikuwa mara ya pili siku ile mwanamume anamwomba msamaha. Ndani mke wake alimwita, kwa upole, kwamba chakula kiko tayari, na Uweso akaitika. Chiku alitazama mkono wake mnene wenye mafuta ya baiskeli yasiyotoka hata siku ya Idi, umeshika mgongo wa mtoto, akajua kwamba huyu ndiye aliyempoteza. Mwingine hakuwa wake wa kumpoteza. Kwa Idarusi alikuwa na haya tu, na haya hupoa. Hili lilimkaa kifuani kwa uzito, na hakuwa na wa kumlaumu ila watu waliompenda.

"Nimekusamehe," alisema, maana siku hiyo ilikuwa yake ya kusamehe. Akaingia hoteli ya Mselem, yeye ambaye hakuwahi kuvuka kizingiti kile, kwa kuwa si mahali pa wanawake wenye heshima.

Wanywaji chai waliacha vikombe. Mselem alikuwa nyuma ya meza, na alipomwona tu alijua.

"Shikamoo, Bwana Mselem."

"Marahaba, mwanangu."

"Ahsante kwa yote," Chiku alisema, naye alikuwa anasema kweli. "Sasa geuza. Nipigie upande wa pili."

Mselem alisitasita, kisha akaizungusha gramafoni, akaigeuza santuri. Upande wa kwanza ulikuwa umechakaa hata mistari imefifia. Upande wa pili uling'aa kama siku ulipotoka Mombasa. Chiku hakungoja sindano iguse. Alivuka barabara, akapita penye mkilua, akaingia ndani. Sauti ilimfuata ikamkuta amesimama na mkono juu ya komeo, akasikiliza mpaka mwisho, mpaka mikwaruzo.

Akafunga mlango. Kulala hakulala.